Koo za elementi: kwa nini majirani hawafanani na walio mbali ni ndugu

Elementi namba 17, 18 na 19 zimefuatana, na kila moja inaizidi iliyoitangulia kwa protoni moja tu katika kiini cha atomu yake. Namba 17 ni klorini, gesi ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, yenye kuunguza koo na mapafu, ambayo mwaka 1915 ilitumiwa kuua askari mahandakini huko Ypres, Ubelgiji. Namba 18 ni argoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo kila mmoja wetu huivuta katika kila pumzi, kwa kuwa inakaribia asilimia moja ya hewa yote, na ambayo hutoka mapafuni kama ilivyoingia. Namba 19 ni potasiamu, metali laini inayokatika kwa kisu, ambayo ikiangukia majini huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Mtu aliyeonyeshwa vitu hivi vitatu bila kuelezwa lolote asingedhani kwamba ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Lakini akirudi nyuma hatua nane kutoka kwenye potasiamu atakutana na sodiamu, namba 11, nayo ni metali laini, nayo hukatika kwa kisu, nayo haipatani na maji. Akirudi hatua nane nyingine atakutana na lithiamu, namba 3, yenye tabia zile zile, ila kwa upole zaidi.

Jambo hilo la majirani kutofanana na walio mbali kuwa ndugu ndilo linalolipa jedwali la elementi umbo lake. Jina la mfumo radidia limetokana nalo, kwani kuradidi ni kurudia tena na tena. Elementi zikipangwa kwa kufuata namba atomia, yaani idadi ya protoni zilizomo katika kiini, tabia zake hubadilika hatua kwa hatua, kisha hurudi zilikoanzia. Kila zinaporudi tunaanza mstari mpya, na kwa kufanya hivyo zinazofanana hujikuta zimesimama katika safu wima moja. Safu hiyo ndiyo ukoo.

Undugu huu unatokana na elektroni za nje. Kiini cha atomu ni kidogo mno, kipenyo chake hakifikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya kipenyo cha atomu nzima, na kimezungukwa na elektroni zilizopangika katika maganda, moja nje ya jingine. Atomu mbili zinapokutana, viini havigusani. Kinachogusana ni ganda la nje la hii na ganda la nje la ile, na karibu kila tunachokiita tabia ya kikemikali huamuliwa hapo. Sodiamu ina elektroni 11 zilizopangika 2, 8, 1. Potasiamu ina 19 zilizopangika 2, 8, 8, 1. Ndani zinatofautiana sana, lakini kwa anayezitazama kutoka nje zote mbili ni elektroni moja ya upweke iliyo juu ya maganda yaliyotulia. Klorini, yenye 2, 8, 7, imepungukiwa na elektroni moja tu. Argoni, yenye 2, 8, 8, haidai na haidaiwi.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma juu juu, nami naona linastahili kusemwa wazi. Mara nyingi tunafundishwa kwamba ganda hujaa likifika elektroni nane, ilhali ganda la tatu lina nafasi ya kumi na nane. Ukweli ni kwamba ndani ya kila ganda kuna ngazi za nishati, na ngazi ya kwanza ya ganda la nne iko chini kidogo ya ngazi ya mwisho ya ganda la tatu. Kwa hiyo potasiamu, na baada yake kalsiamu, huweka elektroni zake katika ganda la nne wakati la tatu bado lina nafasi kumi tupu. Nafasi hizo kumi huanza kujazwa kuanzia skandiamu, namba 21, na ujazaji huo uliochelewa ndio uliozaa kundi kubwa la metali za mpito lililo katikati ya jedwali. Nane ni idadi ya utulivu, lakini si lazima iwe idadi ya kujaa.

Kinachostaajabisha ni kwamba koo hizi zilitambuliwa kabla ya mtu yeyote kujua kuwa elektroni zipo. Mwaka 1829 Johann Döbereiner alionyesha kwamba baadhi ya elementi hukaa katika utatu, na kwamba uzito wa atomu ya katikati hukaribia wastani wa zile mbili za pembeni. Lithiamu ni takriban 7, potasiamu ni 39, na sodiamu iliyo kati yao ni 23, ambayo ni wastani kamili. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1869, Dmitri Mendeleev alipanga elementi zote zilizojulikana wakati huo kwa kufuata uzito, lakini pale uzito ulipopingana na undugu, aliuchagua undugu. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, hata hivyo aliitanguliza, kwa sababu iodini ni ndugu wa bromini na klorini bila shaka yoyote. Pale alipokosa elementi yenye tabia zilizohitajika aliacha nafasi wazi. Chini ya silikoni aliacha mojawapo ya nafasi hizo, akatabiri kwamba mwenye nafasi hiyo atakuwa na uzito wa atomu wa karibu 72 na densiti ya gramu 5.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliigundua jermaniamu, yenye uzito wa 72.6 na densiti ya 5.3. Ujasiri wa Mendeleev wa kuukataa uzito ulipata haki yake mwaka 1913, pale Henry Moseley alipopima miali ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali na kuonyesha kwamba cheo cha kila elementi ni chaji ya kiini chake, si uzito. Kwa kipimo hicho teluriamu ni 52 na iodini ni 53, kama ukoo ulivyodai tangu mwanzo. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Tuanze na ukoo ulio rahisi kuliko yote kuufahamu, ule wa metali za alkali: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu na fransiamu. Kila moja ina elektroni moja katika ganda la nje, na shughuli yake kubwa ni kuitoa elektroni hiyo na kubaki ioni, yaani atomu yenye chaji, ambayo hapa ni chanya moja. Kwa sababu hiyo kampaundi zake, yaani vitu vinavyopatikana zinapoungana na elementi nyingine, zinafanana kimaumbo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna hata moja inayopatikana ikiwa peke yake katika maumbile. Humphry Davy alilazimika kutumia umeme, mwaka 1807, ili kuitenga potasiamu na kisha sodiamu. Hizi ni metali, zinang'aa zinapokatwa na zinapitisha umeme, lakini hazina ugumu tunaoutarajia kwa metali, kwa kuwa kila atomu inachangia elektroni moja tu katika kuziunganisha zote pamoja. Lithiamu huyeyuka kwa nyuzi 180 za Selsiasi, sodiamu 98, potasiamu 63, rubidiamu 39 na sesiamu 28.5, kiasi kwamba joto la kiganja lingetosha kuifanya sesiamu kuwa kimiminika, kama kuishika kusingekuwa hatari kubwa.

Ndani ya mfuatano huo tunaona kanuni ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye kubeba somo zima. Undugu ni wa idadi ya elektroni za nje, ilhali tofauti kati ya ndugu ni ya umbali. Kadiri tunavyoshuka katika safu, ndivyo maganda yanavyoongezeka, elektroni ya nje inakuwa mbali zaidi na kiini, na maganda ya ndani yanaikinga zaidi dhidi ya mvuto wake. Kuing'oa elektroni hiyo katika lithiamu kunahitaji nishati ya kilojuli 520 kwa moli moja, yaani kwa idadi maalumu ya atomu iliyo sawa kwa elementi zote, katika sodiamu 496, katika potasiamu 419, na katika sesiamu 376 tu. Hali hiyo inaonekana kwa macho. Lithiamu ikiwekwa juu ya maji hutoa viputo kwa utulivu. Sodiamu huyeyuka ikawa tone la duara linalokimbia huku na huko juu ya maji. Potasiamu huiwasha hidrojeni inayotoka majini. Rubidiamu na sesiamu hulipuka. Fransiamu ingeendeleza mfuatano huo, lakini isotopu yake (aina ya atomu zake, inayotofautiana na nyingine kwa uzito wa kiini) inayodumu kuliko zote hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 22, hivyo haijawahi kukusanywa kiasi cha kuonekana kwa macho na kutiwa majini.

Halojeni, ambazo ni florini, klorini, bromini, iodini na astatini, zimesimama upande wa pili wa jedwali na zina elektroni saba za nje. Zinachokitafuta ni elektroni moja ya kutimiza nane. Basi sodiamu na klorini zinapokutana, moja hutoa kile ambacho nyingine inakihitaji, na metali inayowaka majini pamoja na gesi yenye sumu huwa chumvi tunayotia katika chakula. Nimewahi kusoma maelezo yanayosema kwamba katika mmenyuko huo hatari za elementi hizi mbili "zinafutana". Hakuna kinachofutwa. Elektroni imehama kutoka ganda moja kwenda jingine, na kwa kuwa tabia ilikuwa imekaa katika ganda la nje, tabia imebadilika.

Katika ukoo wa halojeni mfuatano wa ukali umegeuka juu chini: florini iliyo juu kabisa ndiyo kali kuliko zote, na ukali unapungua kadiri tunavyoshuka. Wengi huliona hili kama jambo lisilofuata kanuni, la kukaririwa tu, lakini ni kanuni ile ile ya umbali. Kwa mwenye haja ya kutoa elektroni, umbali na kiini ni msaada. Kwa mwenye haja ya kuinasa, umbali ni kikwazo, maana mvuto wa kiini hufika nje ukiwa umedhoofika. Tukipitisha klorini katika maji yenye chumvi ya bromini, maji hugeuka rangi ya hudhurungi ya manjano, kwa sababu klorini imeinyang'anya bromini elektroni zake. Bromini nayo hufanya vivyo hivyo kwa iodini, na kamwe si kinyume chake. Florini ilikuwa kali kiasi kwamba wanakemia kadhaa walijeruhiwa na wengine kufa wakijaribu kuitenga, hadi Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886.

Ukoo huu pia unaonyesha kwamba tabia za kifizikia zina mfuatano wake. Florini na klorini ni gesi, bromini ni kimiminika chekundu cha kahawia, na iodini ni yabisi ya kijivu inayotoa mvuke wa zambarau ikipashwa moto. Molekuli zote hizi zina atomu mbili mbili na hazishikani kwa nguvu kubwa, lakini kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi, ndivyo mvutano mdogo kati ya molekuli na molekuli unavyoongezeka. Florini huchemka kwa nyuzi 188 chini ya sifuri, klorini 34 chini ya sifuri, bromini 59 juu yake, na iodini 184.

Gesi adimu zina kisa cha pekee, kwa sababu ukoo mzima ulikosekana katika jedwali la kwanza na hapakuwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili yake. Elementi isiyoungana na kitu haikuwa na namna ya kujitambulisha kwa mwanakemia. Lord Rayleigh aliigundua njia kwa kupima tu: nitrojeni iliyochukuliwa kutoka hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko nitrojeni iliyotengenezwa kutoka katika kampaundi, tofauti isiyofika hata sehemu moja kwa mia moja, na hakukubali kuipuuza. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza argoni. Mwaka uliofuata Ramsay aliipata heliamu katika madini ya uraniamu, elementi ambayo hadi hapo ilijulikana kwa mstari wa mwanga wa jua tu, na mwaka 1898 zikafuata neoni, kriptoni na zenoni. Kwa muda wa miongo sita ukoo huu uliaminiwa kuwa hauungani na chochote. Mwaka 1962 Neil Bartlett, aliyekuwa ameona platinamu heksafloridi, kampaundi ya platinamu na florini, ikiing'oa elektroni hata katika molekuli ya oksijeni, alikumbuka kwamba zenoni huhitaji nishati inayokaribiana sana na ile ya oksijeni. Alizikutanisha, na yabisi ya rangi ya chungwa na manjano ikajitengeneza. Iliyokubali ilikuwa zenoni, si neoni wala argoni, kwa sababu elektroni zake za nje ziko mbali zaidi na kiini.

Ukoo wa pili kutoka kushoto, wenye beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu na radiamu, una elektroni mbili za nje, na tabia zake ni zile za metali za alkali zilizopunguzwa makali. Nitausemea jambo moja tu, kwa kuwa linahusu mwili wa kila mtu. Mifupa hujengwa kwa kalsiamu, na mwili hauna namna madhubuti ya kuitofautisha na ndugu zake wa chini. Strontiamu-90, inayotokana na milipuko ya nyuklia na kupungua kwa nusu kila baada ya miaka 29 hivi, huingia mifupani ikapokewa kama kalsiamu na kuendelea kutoa mnururisho humo. Wafanyakazi wa kike waliopaka rangi ya radiamu kwenye nyuso za saa nchini Marekani, hasa miaka ya 1920, wakichonga ncha za brashi kwa midomo, waliharibika mataya kwa sababu hiyo hiyo. Vivyo hivyo sesiamu-137, iliyosambaa baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, hupokewa na mwili kama ndugu yake potasiamu, na aseniki huingia katika mwenendo wa chembe hai kwa kufanana na fosforasi iliyo juu yake katika safu. Undugu unaowekwa na elektroni za nje ndio unaoidanganya miili.

Katikati ya upande wa kulia undugu unakuwa mgumu kuuona kwa macho. Safu ya 14 inaanza na kaboni, ambayo si metali, inapitia silikoni na jermaniamu, ambazo ni nusu metali, na kuishia kwenye bati na risasi, ambazo ni metali kamili. Zote zina elektroni nne za nje, lakini nne ni idadi isiyoelekea upande wowote: atomu ndogo huzishikilia na kuzishiriki, atomu kubwa huziachia. Hapa umbali umepewa nafasi ya kuamua zaidi ya idadi. Tena inafaa kujua kwamba mwanachama wa kwanza wa kila safu kwa kawaida ndiye asiyefanana sana na wenzake, kwa kuwa atomu yake ni ndogo kupita kiasi. Chukua safu ya oksijeni, yenye salfa, seleniamu na teluriamu chini yake. Kampaundi ya hidrojeni na salfa huchemka kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, ile ya seleniamu 41 chini ya sifuri, na ile ya teluriamu 2 chini ya sifuri. Kwa kufuata ngazi hiyo, kampaundi ya hidrojeni na oksijeni ingepaswa kuchemka katika baridi kali zaidi ya zote. Kampaundi hiyo ni maji, nayo huchemka kwa nyuzi 100, kwa sababu atomu ndogo ya oksijeni inavuta elektroni kwa nguvu kiasi cha kuzifanya molekuli zishikane zenyewe kwa zenyewe.

Metali za mpito, zikiwemo chuma, shaba, nikeli, fedha na dhahabu, hujaza ganda la ndani huku la nje likibaki karibu vile vile, hivyo zinafanana na majirani zake wa kando zaidi ya elementi za makundi mengine. Kwa kuwa elektroni za ndani nazo hushiriki katika kuungana, metali moja huweza kuwa na hali kadhaa, kama chuma chenye chaji mbili au tatu, na nyingi za kampaundi zake zina rangi. Lanthanidi, yaani elementi za kuanzia lanthanamu ambazo kwa kawaida huandikwa katika mstari wa pekee chini ya jedwali, zimekwenda mbali zaidi, maana elektroni zinaongezwa ndani kabisa ambako hazigusani na chochote, hadi elementi hizo zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kuzitenganisha kulichukua zaidi ya karne moja, na elementi nne, yaani itriamu, iterbiamu, terbiamu na erbiamu, zimepewa majina kutokana na kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby, kulikotoka madini yaliyozificha.

Zimebaki zisizotulia mahali popote. Hidrojeni ina elektroni moja kama sodiamu, lakini pia imepungukiwa na elektroni moja kama klorini, kwa sababu ganda la kwanza hujaa kwa mbili. Huandikwa juu ya lithiamu, ingawa ni gesi na si ndugu wa metali zile. Heliamu ina elektroni mbili kama beriliamu, lakini ganda lake limejaa, hivyo huwekwa juu ya neoni, na hapo tabia imepewa uzito kuliko hesabu. Upande wa chini wa jedwali kuna tatizo jingine. Katika atomu nzito elektroni za ndani huenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na jambo hilo hubadilisha ukubwa wa maganda. Ndiyo maana dhahabu ina rangi ya manjano wakati fedha iliyo juu yake ni nyeupe, na ndiyo maana zebaki ni kimiminika wakati zinki na kadimiamu ni yabisi. Katika elementi namba 118, oganesoni, iliyopewa jina rasmi mwaka 2016 na kuwekwa chini ya radoni, athari hiyo ni kubwa kuliko popote pengine. Zimetengenezwa atomu chache tu, nazo hudumu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini mahesabu yanaonyesha kwamba huyu wa mwisho katika ukoo wa gesi adimu, kama angekusanywa kiasi cha kutosha, huenda asingekuwa gesi.